Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

(Hotuba niliyotoa kwa watafiti na waandishi wanaoanza kutuma makala kwa wachapishaji. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Nilichoondoa ni kikohozi tu.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliokaa mbele, na ninyi ndugu zangu wa huko nyuma mnaochungulia simu kila dakika kuona kama mhariri amejibu: salamu kwenu nyote.

Naomba nianze kwa kuungama. Makala yangu ya kwanza ilirudi baada ya siku tatu. Niliiandika mwaka mzima, ikakataliwa kwa siku tatu! Barua ya mhariri ilikuwa na sentensi mbili, na mpaka leo nimezihifadhi kichwani: "Makala yako inasema 'katika sura hii' mara saba. Jarida letu halichapishi sura." Basi. Hata pole hakunipa.

Nilikasirika, jamani. Nilimwambia kila aliyekubali kunisikiliza kwamba naonewa, kwamba hawataki watu wasio na jina. Jioni yake nikafungua faili, nikaanza kuhesabu nikitafuta ushahidi dhidi ya yule mhariri. Hazikuwa saba. Zilikuwa tisa.

Mnajua nilichofanya? Nilichukua sura ya tatu ya tasnifu yangu, nikaikata, nikaibandika kichwa kipya, nikaiongezea aya mbili za hitimisho, nikatuma. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukimwona tu, kabla hajafanya lolote, unajua huyu si wa hapa, ameletwa. Makala yangu ilikuwa na kamba mguuni, na mhariri aliiona kamba kabla hajaiona hoja.

Tangu wakati huo nimepata bahati ya kukaa upande wa pili wa meza. Nimehakiki makala za wenzangu, na kwa miaka kadhaa nimesaidia kuhariri jarida. Ninachotaka kuwaambieni leo ni hiki tu. Katika makala nilizoona zikirudishwa, chache zilikuwa na utafiti mbovu kabisa. Zilizobaki zilikuwa kuku wageni, na kamba zao zilionekana tangu mlangoni.

Hebu tuulizane. Unapobofya kile kitufe cha kutuma, nani anaisoma makala yako kwanza? Wengi hudhani ni yule bingwa wa fani, mwenye miwani, atakayepima kila jedwali. Hapana. Anaisoma mhariri, ambaye ana darasa la kufundisha, ana utafiti wake uliokwama, na ana makala nyingine kadhaa zilizofika wiki hiyohiyo. Yeye ndiye anayeamua kama makala iende kwa wahakiki, yaani wataalamu wa fani watakaoipima, au irudi ilikotoka. Wenyewe tunaita kukataliwa mezani. Uamuzi huo mara nyingi huchukua dakika chache, na si kwa sababu mhariri ni mvivu. Wahakiki wanafanya kazi hii bure, kwa hisani. Ukiwatumia makala ambayo haijaiva, mara ya pili hawatapokea ombi lako. Kwa hiyo mhariri analinda muda wao kuliko anavyolinda hisia zako.

Katika dakika hizo chache anaangalia nini? Nitawaambia ninavyofanya mimi. Nasoma kichwa, nasoma ikisiri (ule muhtasari mfupi wa mwanzoni), nasoma aya ya kwanza. Kisha naruka mpaka mwisho, kwenye marejeleo. Ndiyo, marejeleo! Nikisoma marejeleo najua mwandishi amekuwa akizungumza na nani. Kama kazi mpya kuliko zote ina umri wa miaka kumi na tano, najua makala hii ilikuwa kabatini. Kama mjadala anaodai kuuanzisha tuliuchapisha sisi wenyewe katika matoleo mawili yaliyopita na hakuutaja, najua hajawahi kufungua jarida letu. Na siku hizi kuna jambo jipya: naangalia kama kazi alizozitaja zipo duniani. Akili unde (AI) inaweza kukutungia rejeleo zuri ajabu, lenye jina la mtaalamu wa kweli, jarida la kweli, mwaka na kurasa, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Rejeleo moja la namna hiyo linatosha kuizika kazi nzima. COPE, kamati ya kimataifa inayoshughulikia maadili ya uchapishaji, ilishatamka mwaka 2023 kwamba zana hizi haziwezi kuorodheshwa kama mwandishi, kwa sababu haziwezi kubeba dhamana ya kilichoandikwa. Dhamana ni yako. Ukizitumia, sema umezitumia wapi, na kila rejeleo lifungue kwa mkono wako.

Sasa nije kwenye kamba nene kuliko zote. Je, unalijua jarida unaloliandikia? Siulizi kama unajua jina lake. Siulizi kama unajua lina hadhi gani. Nauliza: umelisoma?

Siku moja ilitufikia makala nzuri sana kuhusu namna ya kufundisha sarufi darasani. Mwandishi alikuwa amekaa na wanafunzi, amerekodi, amehesabu makosa, ameonyesha mbinu gani inafaa na ipi haifai. Niliisoma hadi mwisho kwa raha, kisha nikairudisha siku hiyohiyo. Jarida letu ni la nadharia ya isimu, ufundishaji haumo kabisa katika mawanda yetu, na jambo hilo limeandikwa wazi katika ukurasa wa malengo ya jarida, aya ya pili. Yule mwandishi alipoteza miezi miwili kwa kutosoma aya moja. Nilimwandikia nikamtajia aina ya majarida ambayo yangeipokea kwa mikono miwili, na nasikia ilichapishwa. Lakini si kila mhariri atakuandikia barua ya pili.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, narudia, kabla ya kuandika, chagua nyumba unayokwenda. Keti na matoleo ya miaka miwili ya jarida hilo. Usiyasome kama mwanafunzi anayetafuta maarifa. Yasome kama fundi anayetazama kabati la mwenzake limeungwa vipi. Utangulizi unachukua kurasa ngapi? Wanaeleza mbinu kwa aya mbili au kwa kurasa tano? Wanapenda majedwali au masimulizi? Ni swali gani linarudi toleo baada ya toleo, na wewe una neno gani la kuliongezea? Ukimaliza hapo ndipo ufungue maelekezo kwa waandishi. Wakisema maneno 6,000, wana maana ya maneno 6,000, na yako 9,400 hayatasamehewa kwa sababu ni matamu. Wakitaka mtindo fulani wa marejeleo, fuata mpaka nukta. Mtu aliyeshindwa kupanga marejeleo alivyoelekezwa ananipa wasiwasi: je, data zake alizipanga hivyohivyo?

Na kama jarida linahakiki bila kumjua mwandishi, ondoa jina lako. Mnacheka, lakini nimeona makala isiyo na jina juu, halafu ukurasa wa nne inasema "kama nilivyothibitisha katika kazi yangu ya awali," na kazi yenyewe ikatajwa pamoja na mwaka. Hata ndani ya faili lenyewe, kompyuta huhifadhi jina la mwenye mashine. Lifute.

Jambo dogo lakini linaumiza watu: jarida moja kwa wakati mmoja. Katika majarida ya kitaaluma kutuma makala moja sehemu mbili kwa pamoja ni kosa la kimaadili, na duara la wahakiki ni dogo kuliko unavyodhani. Mhakiki mmoja anaweza kuletewa makala yako na wahariri wawili wiki moja. Limeshatokea. (Wale mnaoandikia magazeti na majarida ya wasomaji wa kawaida, utaratibu wenu ni mwingine: aghalabu mnatuma wazo kwanza, aya mbili tatu, mhariri akilipenda ndipo mnaandika. Ila kamba za mguuni ni zilezile.)

Sasa tuingie jikoni kidogo. Nataka tutazame kichwa na ikisiri kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo makala nyingi zinafia. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti amechunguza kwa nini wauguzi hawanawi mikono ipasavyo. Kichwa chake kinasomeka hivi: "Uchunguzi wa Baadhi ya Mambo Yanayohusiana na Suala la Unawaji Mikono Miongoni mwa Wahudumu wa Afya". Nifanyieni hisani: someni tena mniambie amegundua nini. Hamjui. Hata yeye hajakwambia. "Uchunguzi wa" ni maneno ya bure, kila makala ni uchunguzi. "Baadhi ya mambo" ni yapi? "Yanayohusiana na suala la" ni moshi mtupu.

Ikisiri yake inaanza: "Usafi ni jambo muhimu sana katika maisha ya binadamu." Nani anabisha? Sentensi ambayo hakuna anayeweza kuibishia haina kazi katika ikisiri. Inaendelea kueleza historia ya usafi, inataja kwamba utafiti ulitumia hojaji na usaili, na inamalizia: "Matokeo yatajadiliwa na mapendekezo yatatolewa." Yatajadiliwa lini? Mimi niko hapa sasa hivi, nataka kujua sasa hivi!

Tumsaidie. Tukamuulize kwa mdomo tu, tukiwa njiani: ndugu, umegundua nini? Atajibu bila kufikiri: "Aah, hawa watu kanuni wanazijua vizuri sana. Shida ni usiku, sinki liko mbali, na wamechoka." Hiyo hapo! Hiyo ndiyo makala. Kichwa kiwe: "Kanuni Wanazijua, Sinki Liko Mbali: Unawaji Mikono wa Wauguzi katika Zamu ya Usiku". Na ikisiri ianze: "Wauguzi wanaofahamu kanuni za unawaji mikono huziacha zaidi usiku kuliko mchana. Tuliwafuatilia wauguzi wa wodi mbili katika zamu zote, tukaona kwamba umbali wa sinki unaeleza tofauti hiyo kuliko kiwango cha mafunzo." Sentensi mbili. Mhariri ameshajua swali, mbinu, na jibu, na ameanza kuwafikiria wahakiki.

Mwaka 1953 Watson na Crick walipoeleza muundo wa DNA katika jarida la Nature, makala yao ilizidi ukurasa mmoja kidogo tu, na sentensi yake ya kwanza inasema kwamba wanapenda kupendekeza muundo wa DNA. Hawakuanza na "tangu zama za kale". Kama wao waliokuwa na habari kubwa kiasi kile waliisema papo hapo, wewe na mimi tunasubiri nini?

Haya, tuseme umevuka meza. Makala imekwenda kwa wahakiki, miezi minne imepita, na barua imekuja. Unaifungua mikono ikitetemeka, unakuta: marekebisho makubwa. Kurasa nne za maoni.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu hapa tunapoteza watu wazuri. Mwenzangu mmoja alipata barua ya namna hiyo, akafunga kompyuta, akasema wamemkataa. Akakaa miezi minane. Alipoifungua tena na kuisoma kwa utulivu, akakuta mhariri ameandika mwishoni kwamba anasubiri kwa hamu toleo lililorekebishwa ndani ya siku tisini. Siku tisini zilikuwa zimeshapita kitambo. Ndugu zangu, kuambiwa ufanye marekebisho makubwa maana yake mlango uko wazi. Mhariri asiyekutaka hakupi kazi ya kufanya.

Naelewa hasira lakini. Hata wakubwa huzipata. Mwaka 1936 Albert Einstein, pamoja na Nathan Rosen, alituma kwa jarida la fizikia, Physical Review, makala iliyodai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri akaipeleka kwa mhakiki, na mhakiki akarudisha kurasa kumi za maoni akionyesha kosa. Einstein akaja juu. Akaandika kwamba aliwatumia makala ili waichapishe, hakuwapa ruhusa ya kuwaonyesha wataalamu kabla haijachapwa, akaiondoa. Akaipeleka jarida jingine. Lakini kabla haijatoka huko, kosa likaonekana kweli, na makala iliyochapishwa mwaka 1937 ilikuwa na hitimisho lililogeuka. Baadaye sana ikajulikana kwamba yule mhakiki alikuwa Howard Percy Robertson, na kwamba ni yeye aliyezungumza kwa upole na msaidizi wa Einstein, Leopold Infeld, mpaka kosa likaeleweka. Sasa nauliza: kama Einstein alihitaji mhakiki, mimi nani nisimhitaji?

Namna ya kujibu ni kazi ya mikono. Usijibu siku uliyopokea barua. Lala nayo. Kisha nakili kila maoni, moja moja, na chini yake andika ulichofanya na ukurasa ulipokifanya. Tuseme mhakiki wa pili anasema haelewi uliwachaguaje washiriki. Jibu baya, na nimelipokea kwa macho yangu, ni hili: "Jambo hili limeelezwa vizuri ukurasa wa 6. Pengine mhakiki hakusoma." Labda ni kweli hakusoma vizuri! Lakini kama yeye, mtaalamu aliyepewa kazi ya kusoma, amepitwa, msomaji wa kawaida atapitwa pia. Jibu zuri ni hili: "Tunashukuru. Maelezo yalikuwa yamefichika ndani ya aya ndefu. Tumeyatenga kuwa aya ya kwanza ya sehemu ya mbinu, ukurasa wa 5, ambayo sasa inasema..." na unainukuu. Mhariri halazimiki hata kufungua makala kuona umefanya kazi.

Na ukiona mhakiki amekosea? Kataa. Unaruhusiwa kabisa. Ila kataa kwa sababu na ushahidi, na ukiweza mpe kitu kidogo: "Hatukubadilisha uchanganuzi kwa sababu hizi, lakini tumeongeza sentensi ukurasa wa 11 kueleza kwa nini tuliuchagua." Wahakiki wawili wakipingana, usicheze katikati kama mpira. Mwambie mhariri: huyu anataka hivi, yule anataka vile, sisi tumechagua hivi kwa sababu hii.

Halafu kuna kukataliwa kwenyewe, kule kusiko na marekebisho. Mwaka 1937 Hans Krebs alituma barua kwa Nature akieleza mzunguko wa kikemia ambao chembehai hutumia kupata nishati. Mhariri akamrudishia, akasema ana barua za kutosha kujaza kurasa zake kwa wiki saba au nane. Mzunguko ule leo unaitwa kwa jina lake, na mwaka 1953 alipata Tuzo ya Nobel. Lakini ninayempenda zaidi ni mchumi George Akerlof. Makala yake iliyotumia soko la magari yaliyotumika kueleza kinachotokea pale muuzaji anapojua zaidi ya mnunuzi ilikataliwa na majarida matatu. Mawili yalisema jambo lenyewe ni dogo mno. La tatu likasema kinyume chake: kama haya ni kweli, basi uchumi wote ungekuwa tofauti! Sasa angemwamini nani? Ilitoka katika jarida la nne, mwaka 1970, na mwaka 2001 akapata Nobel yeye pamoja na wenzake wawili.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kila makala iliyokataliwa ni ya Akerlof. Yangu haikuwa. Ninachosema ni kwamba ukikataliwa, soma sababu kama taarifa. "Si ya mawanda yetu" inakutaka ubadilishe nyumba. "Hoja haionekani" inakutaka uandike upya, popote utakapoipeleka. Na kila unapohama, andika barua mpya ya kusindikiza makala. Nimeshapokea barua inayosifu jarida jingine kwa jina, ikisema ndilo pekee linalofaa kazi hii.

Nimalizie na wale wanaotaka njia ya mkato. Mwandishi wa habari John Bohannon, kupitia jarida la Science mwaka 2013, alieleza namna alivyotunga makala ya uongo ya kitabibu, yenye makosa ambayo mwanafunzi angeyaona, na kuituma kwa majarida 304 ya mtandaoni yanayosomwa bila malipo. Majarida 157 yaliikubali. Majarida 157! Wapo wachapishaji ambao kazi yao ni kukubali, kwa sababu anayekubaliwa ndiye anayelipa. Watakuandikia wao kwanza, watakuita mtafiti mashuhuri, watakuahidi majibu kwa saa 48. Hapa kuku mgeni ni wewe, na kamba wanaishika wao. Na makala ikishatoka huko, huwezi kuirudisha na kuipeleka kwingine. Kabla ya kutuma, angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bila malipo, muulize mmoja wa wajumbe wa bodi yao kama anajua kwamba yumo kwenye bodi, na soma makala zao mbili mpaka mwisho. Zikikuchekesha bila kukusudia, funga.

Nilisema dakika arobaini, na mwenyekiti ameshaninyooshea saa mara mbili. Wale mliokuja na ikisiri zenu, zitoeni. Tutazisoma kwa sauti, bila majina, na kila mtu aseme amegundua nini kutoka katika sentensi ya kwanza. Na naona kuna mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja Einstein. Karibu mama, simama tukusikie.